Mdogo Wangu Alitoka Badala Yangu Siku ya Mahari

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Nyaishozi, Karagwe. Shahada ya uzamili ya biashara ninayo. Mume sina. Nilikuwa na mchumba...

Nilichaguliwa na chuo kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani. Nilirukaruka kama mtoto! Lakini mchumba wangu Deus, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Muleba, alikuwa ameshapangiwa siku ya kuleta mahari, na siku hiyo mimi ningekuwa nimeshaondoka.

Nilimwomba baba aiahirishe. Akakataa katakata. Ndizi za rubisi, pombe yetu ya sherehe, zimeshavundikwa, wageni wameshaalikwa! Kwetu mahari hupokelewa na ukoo. Binti hutoka tu na kikapu cha kahawa za kutafuna, apige magoti, awakaribishe wakwe. Shangazi akasema, "Si yupo mdogo wako Kemi? Atatoka badala yako. Nyumba si ni moja?"

Nikakubali. Tena nikamwachia gauni langu jipya la gomesi!

Siku yenyewe niliitazama kwenye simu, nikiwa hosteli, baridi kali. Kemi alipompa Deus kahawa, watu wakapiga vigelegele. Nami mjinga nikapiga vya kwangu, hadi jirani akagonga ukuta.

Baada ya hapo Deus akawa habanduki nyumbani kwetu. Eti anawasalimia wakwe. Nami namsifu! Kemi akaacha kupokea simu zangu. Deus naye, mara mtandao unasumbua, mara yuko Kyerwa ananunua kahawa... Jamani, mtandao gani unaomsumbua mchumba peke yake?

Mama ndiye aliyeniambia, huku analia. Kemi ni mjamzito. Mimba ya Deus.

Nililia hadi sauti ikakauka. Ningefanya nini? Tiketi ya kurudi ilikuwa ya mwisho wa muhula, na nauli nyingine sina. Nilimpigia baba. Akaniambia wazee wameshakaa. Mahari imeshaliwa, na binti aliyetoka mbele ya wakwe ni Kemi. "Wewe una masomo, mwanangu. Utapata mwingine."

Una masomo! Masomo yanamkumbatia mtu?

Walifunga ndoa siku niliyofanya mtihani. Niliporudi, Kemi alikuja na tumbo lake, akapiga magoti. "Shikamoo dada." Nilitaka kumzaba kibao... mkono ukakataa. Nikaitikia marahaba.

Dada zangu, ukipata nafasi ya kusoma ughaibuni, nenda! Lakini siku yako ikusubiri. Usikubali mtu asimame mahali pako, hata kwa saa moja, hata kama mmenyonya ziwa moja. Ukoo ukikazana, wanywe rubisi yao, mahari irudi ilikotoka hadi ufike mwenyewe. Nawasihi, msije mkalia kama mimi.

Mtoto wao sasa anatembea. Nikienda nyumbani hunikimbilia akiniita mama mkubwa. Ana sura ya Deus, wallahi, hadi kucheka kwake. Namnyanyua, nambusu... kisha naenda jikoni kujifanya moshi umeniingia machoni.