Harufu ya Sakafuni

Nyumba ile iliamka kwa harufu ya keki. Kabla watoto hawajamaliza kuvaa sare za shule, Mama Keki alikuwa ameshatoa trei ya kwanza kwenye oveni. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo. Keki zake zilikuwa laini, na akikuahidi asubuhi, ni asubuhi, hakuna cha njoo kesho.

Mumewe alikuwa fundi bomba, naye alikuwa na sifa zake. Bomba alilolifunga yeye halikudondosha hata tone. Alilijua hilo vizuri, wala hakusubiri watu wamsifu. Alijisifu mwenyewe. Alikuwa akisema kwamba maji yanamjua, yakimwona yanatii.

Wa tatu katika nyumba ile alikuwa Bibi, mama wa fundi bomba. Mgongo ulimsumbua, na viti hakuvipenda kabisa. Kila asubuhi alitandika mkeka wake kwenye korido, karibu na mlango wa jiko, pale ambapo sakafu ni baridi. Alinyoosha miguu, akachambua maharage, akazungumza na mkwewe aliyekuwa akipiga mayai jikoni. Keki ya kwanza kuonjwa ilikuwa mikononi mwake. Kama sukari imezidi, alisema. Kama haikuiva, alisema pia. Mama mkwe na mkwe hawakuwa wakigombana, na hilo liliwashangaza majirani.

Basi biashara ikakua, Mama Keki akanunua oveni kubwa. Oveni ile ilijaza jiko, mtungi wa gesi ukakosa mahali. Ikabidi ukae nje, nyuma ya nyumba, na gesi iingie ndani kwa bomba. Muuza oveni aliwaambia wamwite fundi wa gesi. Fundi bomba aliposikia hivyo, alicheka.

"Nimwite mtu aje kufunga bomba nyumbani kwa fundi bomba?" alimwambia mkewe. "Si watu watanicheka? Bomba ni bomba."

Akafanya kazi mwenyewe siku ya mapumziko, huku akipiga mluzi. Alitoboa ukuta, akapitisha bomba la plastiki, lile la maji. Penye kona alitia gundi. Kutoka mwisho wa bomba hadi kwenye oveni aliunga kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, akakikaza kwa waya. Kwenye mtungi alifunga regyuleta ya jiko lao la zamani. Regyuleta ni ile kofia inayokaa kwenye mdomo wa mtungi na kupunguza nguvu ya gesi. Haikukaa vizuri, lakini aliilazimisha kwa koleo mpaka ikakaa. Kisha akapima kazi yake kama alivyozoea kupima mabomba ya maji. Alipitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kitambaa kikatoka kikavu. Akaridhika, akaenda kuoga.

Haukupita muda mrefu, Bibi akaanza kulalamika. Alisema kuna kitunguu kimeoza mahali. Mama Keki akakitafuta. Alihamisha magunia ya unga, akapekua kabati, akafagia chini ya meza. Hakupata kitunguu wala ganda lake. Kesho yake Bibi akasema tena. Safari hii alisema na kichwa kinamuuma.

Fundi bomba alisimama katikati ya jiko, akainua pua juu, akavuta hewa mpaka kifua kikajaa. Akasikia vanila. Mama Keki naye alisimama, akavuta hewa, akasikia vanila. Watoto wakaanza kumwita bibi yao Bibi Kitunguu, na mtu mzima mmoja ambaye sitamtaja alicheka pamoja nao.

Mzaha huo ukazaa maneno. Fundi bomba alianza kusema kwamba huo ni uzee, kwamba pua nazo huchoka kama magoti. Alimpigia simu dada yake mkubwa, anayekaa mbali, ng'ambo ya pili ya mji. Dada mtu akasema kama mama ameanza kusikia harufu ambazo hazipo, basi akaishi kwake, karibu na hospitali. Angekuja kumchukua Jumamosi.

Bibi hakubishana. Alikunja nguo zake, akazitia kwenye mfuko. Lakini usiku ule hakula, na asubuhi Mama Keki alimkuta amekaa kwenye mkeka, mfuko ubavuni, anaangalia mlango wa jiko kama mtu anayeaga.

"Mkwe wangu," Bibi alisema, "sikatai kwenda kwa binti yangu. Ni kwake, na ni kwangu. Lakini naondoka nikiwa nimesema kweli, na hakuna aliyenisadiki. Hicho ndicho kinachoniuma."

 Mama Keki alimpenda mama huyu. Ndiye aliyemshika mkono alipojifungua mtoto wa kwanza, ndiye aliyemwambia keki hizi ziuzwe. Lakini afanyeje? Amwambie kwamba na yeye anasikia harufu, hali haisikii? Alirudi jikoni, machozi yakimlengalenga, akakoroga unga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi ikafika na mvua. Kwa sababu ya mvua, milango na madirisha yote yalikuwa yamefungwa tangu alfajiri. Keki ya kwanza ilikuwa imetoka, oveni imezimwa, na Mama Keki alikuwa akitayarisha ya pili. Koki ya mtungi kule nje ilikuwa wazi, kama kawaida. Haikuwa ikifungwa mchana.

Mlango ukabishwa. Alikuwa mteja, amekuja kuchukua keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Mwanamke mnene, mchangamfu, amevaa ovaroli ya kazi. Huyu alikuwa fundi wa gesi, ndiye anayefunga gesi kwenye mahoteli na kwenye mashule, na hakuwa mtu wa kuficha kwamba anaijua kazi yake. Fundi bomba alimfungulia. Mgeni akaingia koridoni, akamwona Bibi pale chini kwenye mkeka. Mtu mwenye adabu hamwamkii mzee kwa kumsimamia kichwani. Akapiga goti moja, akamshika mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mgeni hakuinuka. Alibaki ameinama hivyohivyo, amekunja uso. Akavuta hewa mara moja. Kisha akamuuliza Bibi kwa sauti ya chini kama hukaa hapo kila siku.

Bibi akamtazama vizuri. "Kila siku," alisema. "Kwani na wewe unaisikia?"

"Naisikia."

Wakati huohuo fundi bomba alikuwa ameshanyoosha mkono awashe taa, maana korido ilikuwa na giza la mvua. Na kule jikoni Mama Keki alikuwa ameshatoa kijiti cha kiberiti, anataka kuwasha oveni. Mgeni akainuka akamshika fundi bomba kiganja, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Mtu asiguse swichi. Mama Keki, weka hicho kiberiti mezani, usikiwashe. Kuna gesi humu ndani."

Hakupiga kelele. Lakini kulikuwa na kitu katika sauti ile, na Mama Keki aliweka kijiti mezani taratibu kama yai bichi.  Mgeni akawapa kazi palepale. Mama Keki afungue madirisha na mlango wa mbele. Fundi bomba afungue mlango wa nyuma, akafunge koki ya mtungi. Taa zilizozimwa zibaki zimezimwa, zinazowaka zibaki zinawaka, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha kulipua nyumba. Simu zisiguswe mpaka wawe nje. Yeye mwenyewe alimwinua Bibi, akamtoa. Watoto, bahati nzuri, walikuwa kwa jirani.

Wote wakasimama nje, chini ya paa la jirani, mvua ikinyesha mbele yao. Hapo ndipo fundi bomba alipopata sauti. Alisema haiwezekani. Alisema alinusa mwenyewe jiko zima, wala hakusikia kitu.

"Ulinusa umesimama?" mgeni alimuuliza.

"Nitanusaje? Nimelala?"

"Ndiyo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi hupanda, gesi hii hushuka. Inatambaa chini, inajikusanya sakafuni. Wewe ni mtu wa maji, hebu niambie, maji yakimwagika ndani huenda wapi?"

"Huenda chini," fundi bomba alijibu, na hapo hapo akamgeukia mama yake. Mke wake naye akageuka. Bibi alikuwa akitazama mvua, ameshika mfuko wake. Mama Keki alitamani ardhi ipasuke.

Mgeni akaendelea. Gesi yenyewe haina harufu, alisema. Ile ya kitunguu kilichooza hutiwa makusudi, ili watu wajue inavuja. Basi harufu ile ikisikika, haitafutwi kitunguu, hufungwa mtungi. Kuhusu moto uliokuwa ukiwashwa kila siku, alisema ilikuwa bahati tu. Siku nyingine milango ilikuwa wazi, gesi ikatoka kidogokidogo. Leo nyumba ilifungwa, ikajaa. Na bahati si kitu cha kujengea jiko.

Nyumba ilipopata hewa ya kutosha, harufu ikaisha hata sakafuni, mgeni alirudi ndani na bakuli la povu la sabuni. Alihakikisha hakuna moto popote, akafungua koki ya mtungi kidogo, kisha akapaka povu kwenye kila kiungo. Fundi bomba alimfuata nyuma, akijitetea kwamba yeye alipima, tena alipima kwa kitambaa kikavu. Hapo mgeni alishindwa kujizuia, akacheka.

Lakini kicheko hakikudumu, maana povu lilianza kusema. Kwenye kona yenye gundi lilivimba mapovu madogo. Kwenye waya uliokaza mpira, yakavimba makubwa. Na kule nje, kwenye regyuleta iliyolazimishwa kwa koleo, yalitoka bila kupumzika. Mgeni alifunga tena koki, akaeleza bila kumung'unya maneno. Bomba la plastiki la maji si la gesi. Mpira wa bustani hukaushwa na gesi ukapasuka ndani kwa ndani. Waya huukata. Regyuleta ni lazima ilingane na mdomo wa mtungi, na isiyotaka kukaa hailazimishwi, hubadilishwa. Wala uvujaji haupimwi kwa kiberiti, na kwa kitambaa ndio kabisa. Ni povu la sabuni tu.

Fundi bomba alichuchumaa mbele ya kazi yake. 

"Maji yangenionyesha," alisema. "Yakivuja, yanalowesha."

"Maji ni muungwana," mgeni alimjibu. "Gesi humwambia aliyekaa chini tu. Na huyo aliyekaa chini aliwaambia nyinyi."

Hapo dada mtu akafika kumchukua mama. Alikuta mlango wazi, madirisha wazi, mvua inapiga ndani, mdogo wake amechuchumaa. Aliuliza kama mama yuko tayari. Fundi bomba alipita mbele yake bila kujibu, akaenda hadi chini ya paa la jirani. Alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, mbele ya watu.

"Mama, ulisema kweli kila siku, na mimi nilikucheka. Nilikuwa nakufukuza kwa kosa langu. Nisamehe. Usiondoke."

Bibi alimwangalia mwanawe. Kisha akamkabidhi mfuko.

"Haya, nirudishie nguo zangu kabatini," alisema. "Na mnitandikie mkeka. Nimechoka kusimama."

Dada mtu aliondoka na keki mahali pa mama. Mama Keki alimfuata Bibi ndani, akakaa naye kwenye mkeka, akalia. Bibi alimpigapiga mgongoni akamwambia aache, unga utachacha.

Jumatatu fundi wa gesi alirudi na vifaa vyake. Alifunga bomba la shaba, akalipima usiku kucha kwa geji, kile kipimo cha nguvu ya gesi, na sindano ya geji haikusogea. Karibu na oveni aliweka koki nyingine. Mpira ulikuwa wa gesi hasa, umeandikwa tarehe ya kubadilishwa, umekazwa kwa klampu, pete ya chuma yenye skrubu. Regyuleta ilikuwa mpya. Fundi bomba alishika ngazi, akauliza maswali mengi, na ndiye aliyetoboa tundu la hewa ukutani, chini kabisa, usawa wa sakafu. Siku hizi mteja akimwomba amfungie na gesi, humjibu kwamba yeye ni wa maji, gesi ina wenyewe. Na kila jioni, oveni ikizimwa, Mama Keki huenda nje kufunga koki ya mtungi kabla ya kunawa mikono.

Jioni moja Mama Keki alikuwa mlangoni akizungumza na mteja, oveni inawaka. Bibi akaita kutoka kwenye mkeka.

"Kuna harufu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mteja aliachwa na sentensi mdomoni.  Fundi bomba alitupa gazeti, akalala kifudifudi kando ya mama yake, pua kwenye sakafu, akavuta hewa huku na huku.

"Mama, huku chini sisikii kitu."

"Utasikiaje huko chini? Hii iko juu," Bibi alisema. "Mwambie mkeo keki inaungua."

Mama Keki alikuwa ameshafika jikoni. Keki ilikuwa imeungua upande mmoja, na upande huo aliula fundi bomba.