Kilo Mia Moja na Kumi na Nne

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa bondia wa uzito wa unyoya. Kilo hamsini na saba, basi. Asubuhi ya kupima uzito alikunywa maji funda moja, akanitania kwamba upepo ukivuma nimshike mkono, tukaingia ukumbini.

Miezi minne kabla, alimwangusha mpinzani wake raundi ya nane. Yule kijana hakuzinduka; siku ya tatu akafa. Watu wakasema ni bahati mbaya ya ulingoni. Mama peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, naye akaufunika: bandeji za mjomba zililowekwa kwenye plasta ya kufungia mifupa, zikakauka zikawa mawe ndani ya glavu.

Mama wa marehemu, fundi cherehani, alikuja kwetu mara moja tu. Hakulia. Aliomba kuishika mikono ya mjomba, akaibonyeza kidole kimoja kimoja kama anayechagua kitambaa.

"Mwanangu alikuwa na uzito kama wako," alisema. "Utambeba."

Sasa mjomba akapanda mizani. Mpimaji akatazama, akafuta kioo, akatazama tena. Kilo mia moja na kumi na nne. Ikaletwa mizani nyingine. Mia moja na kumi na nne. Mjomba akavua hata chupi. Namba haikutikisika.

Mpimaji alininong'oneza, macho yakiwa kwenye namba. "Mwambie huyo wa nyuma yake ashuke."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Pambano likafutwa. Mjomba akaacha kula. Mbavu zikahesabika, mashavu yakabonyea. Mizani haikushuka hata gramu. Ngazi tatu za mlangoni zikamshinda. Kiti kikavunjika chini yake.

Mwishowe nikamsindikiza kwa yule fundi. Alipiga magoti kando ya cherehani, akakiri yote. Mama yule alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno.

"Mimi nimekusikia," akanong'ona. "Yeye je?"

Mjomba aliinamisha shingo, kama anayesemeshwa sikioni. Akatikisa kichwa. Akaomba, taratibu, asibanwe. Hakuinuka tena. Daktari alisema uti wa mgongo ulisagika.

Tulipotoka kuzika tukasogeza kitanda chake. Sakafuni, upande wa ukutani, palikuwa na umbo la mgongo wa mtu, limelowa jasho. Mama amepiga deki, amemwaga dawa, ameacha madirisha wazi kiangazi kizima. Halikauki.

Juzi aliniita niliguse.

Lina joto.