Mfinyanzi Aliyenyooka Mgongo

Siku mfinyanzi mzee aliponyooka mgongo, mkwewe, mke wa mwanawe, peke yake ndiye aliyeogopa. Majirani walifurahi, wakasema Mungu hamtupi mja wake. Lakini yeye aliujua mgongo ule na namna ulivyopinda. Mama huyu alifiwa na mume, mwanawe akiwa bado ananyonya, akamlea kwa kazi ya vyungu, akichimba udongo, akiubeba kichwani, akiukanda kwa magoti, mpaka mwili ukajikunja kama mundu. Hata yeye mkwe, aliyeolewa bila mama wala shangazi wa kumsindikiza, alipokewa kwa donge la udongo na neno moja: "Kaa, tufinyange." Mgongo wa namna hiyo haunyoshwi na usingizi wa usiku mmoja.

Tena palikuwa na harufu ya tope lililooza. Ilimfuata mama mkwe kila chumba. Mume alimweleza mkewe kwamba mama amefungua shimo jipya la udongo bondeni, maana la zamani limekwisha, na mfinyanzi hawezi kunukia marashi. Wakacheka. Mama naye akacheka kutoka jikoni, ila kicheko chake kilikuwa cha mwanamume.

Adhuhuri ya siku ileile beberu alikanyaga vyungu vilivyoanikwa uani. Mama mkwe alimkamata pembe, akamsokota shingo kama anayekamua nguo, na mnyama alipokwisha kufa hakuacha, aliendelea kuvuta mpaka kichwa kikabaki mikononi mwake. Mwanawe alikimbia kumzuia. Mama akamdaka mkono, akauvunja gotini kama ukuni.

Mganga aliitwa. Alifukiza ubani, akamwuliza aliyemo ni nani na anataka nini.

"Aliingia kwangu na jembe," ilijibu sauti ile nzito. "Nami nimeingia kwake."

Mganga akaanza kusoma dua, na hapo chetezo kikaruka kikampasua paji la uso, na yule ajuza ambaye jana alikuwa akishikwa mkono kupanda kizingiti akamnyanyua mganga kwa koo akampigiza ukutani, akamrudia, akampigiza tena, udongo wa ukuta ukimwagika pamoja na damu, huku mume akijikokota kwa mkono mmoja kuusogelea mlango na mkwe akilia kimya kimya pembeni ya kitanda, asijue akimbie au akae.

Ndipo mkwe akaisikia sauti anayoijua, ya mama mkwe mwenyewe, nyembamba, imechoka.

"Mwanangu. Nishike kiuno."

"Mama, naogopa."

"Hata mimi. Nishike, usiniachie."

Akamshika. Mama mkwe akamwachia mganga, akaupeleka mkono wake mwenyewe kinywani, akausukuma ndani mpaka kifundo cha mkono, taya likaachana kwa mlio, akashika kitu humo akaanza kukivuta. Mwili ulirukaruka kama kuku aliyechinjwa. Mbavu zilikatika moja moja, na mkwe alizihisi zikikatika chini ya mikono yake, lakini hakuachia, kwa kuwa aliyemwomba alikuwa mama yake na hakuwa na mwingine. Mwishowe mkono ukachomoka. Upepo baridi wenye harufu ya tope ukapita chumbani, ukamwangusha mume kifudifudi. Mama mkwe akalegea, akafa amelala kifuani pa mkwewe.

Mganga alijifunga kichwa, akasema kwa unyonge kwamba jini limetoka, akaenda zake bila kuaga. Mume alifungwa mkono kwa vijiti, akalazwa chumba cha pili. Waoshaji wa maiti walifika hadi mlangoni, wakaliona lile taya, wakarudi walikotoka.

Basi mkwe akamwosha mwenyewe. Alimfunga taya kwa kitambaa, akamsugua udongo uliojificha chini ya kucha, akimwambia pole, mama, umefanya kazi, sasa pumzika. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja ngumi. Alipoufungua kidole kwa kidole, alikuta ndani kishungi cha nywele ndefu nyeusi, zimelowa, zikijipindapinda kama minyoo.

Alizibana kwa kijiti, akaenda nazo jikoni, akazitumbukiza kwenye makaa.

Nywele zikaungua kwa harufu ya tope. Na kutoka chumba cha pili, mumewe akapiga yowe la aliyeunguzwa.