Wakwe Kutoka Ohinga

Ugali ulimruka Zilpah. Sahani ilitoka mikononi mwa binti yake Lynnet, aliyeketi kulia kwake, ikaenda moja kwa moja kwa Mama Benta aliyekuwa kushoto, kana kwamba katikati yao hapakuwa na mtu. Ukishatembea kwa miguu kutoka Homa Bay hadi ndani kabisa ya Migori, hata kudai ugali wako ni kazi. Zilpah alinyoosha mkono, akajimegea.

"Ai, Min Lynnet!" Mama Benta, ambaye siku zote alimwita hivyo, mama wa Lynnet kwa Kijaluo, alishtuka nusura aangushe samaki. "Si ungesema hujala? Nimedhani umetoka."

"Nimetoka niende wapi, na nimekuganda hapa kama kupe?"

Walicheka. Mama Benta, muuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Homa Bay, alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa. Lakini Zilpah aliona kwamba alipokuwa akicheka, macho yake yalimtafuta kidogo kabla ya kumpata.

Zilpah alikuwa mwalimu wa historia, na hakuwa mtu wa hija. Alikuwa ameweka nadhiri mara moja tu maishani, kwenye benchi la hospitali, Lynnet akiwa ndani anapasuliwa: mtoto huyu akiamka, nitatembea. Mtoto akaamka. Zilpah angependa kuamini kwamba Mungu husahau maneno ya watu waliochanganyikiwa, lakini Lynnet hakusahau, na mwaka huu, alipomaliza shule, alimshika mamake mkono wakajiunga na mahujaji wa kanisa la Mtume Cephas, waliokuwa wakielekea kwenye kilima chao kitakatifu karibu na mpaka wa Tanzania. Huyo Cephas, kabla ya kuitwa, alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki Oyugis. Bado aliongea kama mtu anayekushawishi ununue tairi.

Ni Zilpah mwenyewe aliyewaomba wapumzike ndani ya ohinga. Ndivyo Wajaluo waitavyo ngome hizi za zamani, kuta nene za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, ndefu kuliko mtu, zilizozingira boma zima pamoja na ng'ombe wake. "Mahujaji wa Ulaya njiani hulala kwenye ngome za wafalme," aliwaambia. "Sisi tukipita yetu bila hata kuchungulia, tuna akili kweli?" Wakachungulia. Lango lilikuwa fupi makusudi, ili adui aingie kichwa kikiwa kimeinama. Wenzake waliinama, hata Mtume na kanzu yake. Zilpah, ambaye kiuno kilikuwa kinamwaka tangu asubuhi, alizunguka nyuma, akapata mahali ambapo ukuta ulikuwa na pengo, akapita wima kama bibi harusi.

Alijilaza kivulini, akasinzia. Alipoamka, ugali ukamruka.

Baada ya chakula ilikuja harufu. Samadi mbichi, yenye joto, na hali hapakuwa na hata mbuzi mle ndani. Kisha udongo uliochimbuliwa sasa hivi, unyevunyevu, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha na ardhi ilikuwa ngumu kama kigae. Zilpah aliwatazama wenzake. Walikuwa wakifunga mizigo, wakitaniana. Hakuna aliyekunja pua.

"Lynnet, unasikia harufu?"

"Ya nini, Mama?" Lynnet alimjibu akitazama begani kwake, si usoni.

Ndipo wanawake walipoanza kulia. Mwanzoni ilikuwa sauti ndogo, ndani ya mawe, kama maji yanayochemka kwenye sufuria iliyofunikwa. Halafu akasikia ni kilio cha matanga, kile cha wanawake wanaokuja mbio kutoka mbali, mikono kichwani, kwa Kijaluo kizito cha kale alichokielewa nusu tu. Nusu ile ilimtosha. Walikuwa wakimlilia mtu aliyefia safarini. Walikuwa wakimtaja Zilpah.

"Twendeni!" Mtume aliita. Mahujaji wakainama, wakatoka mmoja mmoja. Zilpah naye akainama langoni, akatambaa kwa magoti, akaona jua la upande wa pili, akanyooka, akajikuta yuko ndani. Akarudia tena. Akakimbilia lile pengo la nyuma akaukuta ukuta umesimama mzima, na alipouparamia mawe yalikuwa na joto kama ngozi, akarudi langoni, akatambaa huku akimwita Lynnet, akaona viatu vya Lynnet kabisa, soli zake na vumbi lake, akanyoosha mkono avishike, na mkono ukashika samadi mbichi, na vilio vikaja karibu zaidi, na katikati ya boma, pale walipokuwa wamekula, ardhi ilikuwa imefunguka shimo refu, lililokatwa vizuri, urefu wa mtu, urefu wake yeye.

"Nyarwa," sauti ya mzee ilisema, bila ukali. Binti yetu. "Umetembea sana. Lala."

Na hapa ndipo penye aibu. Kwa muda mfupi, Zilpah alitaka. Mwaka hadi mwaka hakuna aliyewahi kumwambia alale. Mwalimu mkuu hakumwambia, wala dada zake, wala mtoto aliyempenda kuliko roho yake. Shimo lilionekana lenye baridi nzuri, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Mama!" Lynnet alikuwa amelala kifudifudi nje ya lango, akichungulia, machozi yakimtiririka. "Mama, nakuona! Shika mkono!"

Alishika. Lynnet alivuta kwa nguvu zote, akaanguka chali mkono mtupu.

Mtume Cephas alirudi na maji ya baraka na kipaza sauti. Alikemea kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na kwa lugha ambayo malaika wenyewe wangehitaji mkalimani. Betri ikaisha. Vilio havikupungua.

"Wewe uliingilia wapi?" Mama Benta aliuliza kupitia lango, kwa sauti ya chini. Sasa hakuwa akicheka.

"Nyuma. Kwa pengo."

"Woi! Min Lynnet, na wewe umesoma?" Mama Benta akajipiga paja. "Aliyefia mbali haletwi nyumbani kwa lango. Si ua huvunjwa, maiti ipitie hapo? Hao jochiende, wafu wa boma hili, wamekuona unapita kwa pengo, wamesema ni mtu wao, maiti imefika."

Zilpah alijua. Bila shaka alijua. Alikuwa amewafundisha watoto jambo hilo miaka yote. Ila hakuwahi kufikiri kwamba kiuno kikimuuma mtu, wafu hawatauliza sababu.

Akageuka kulitazama shimo. Kama angekufa, angalau angekufa akibishana.

"Mmekosea," alisema. "Mimi ni mke wa mtu. Mke huzikwa kwa mumewe. Hiyo ni mila yenu, siyo yangu."

Vilio vikakatika.

"Basi mumeo aje akuite," mzee alisema. "Kabla jua halijazama."

Mume. Gordon alikuwa Migori mjini, na mwanamke aitwaye Nyanchama na duka la mabati. Hakuwa amemwacha Zilpah waziwazi. Alikwenda kutafuta maisha, akayapata. Zilpah aliyarudia maneno ya mzee kupitia lango, na Lynnet ndiye aliyempigia simu, akilia, na kwa ajabu ya Mungu Gordon alikuja, nyuma ya bodaboda, amevaa suti.

"Shemeji," Mama Benta alimpokea, "suti ni ya matanga ama ya harusi?"

"Sema tu nifanye nini."

"Muite. Muite mke wako. Na useme kama mtu anayemaanisha."

Gordon alisimama mbele ya lango, akakohoa, akaangalia kando kama mtu anayeogopa kurekodiwa. "Zilpah," aliita. "Mke wangu. Toka twende nyumbani kwetu."

Ulikuwa uongo kuanzia neno la pili, na Zilpah alitambaa juu yake kama juu ya daraja. Safari hii jua la upande wa pili lilibaki upande wa pili. Lynnet alimrukia, wakaanguka pamoja vumbini.

Nyuma yao, ndani ya mawe, mzee alizungumza, na mara hii kila mtu alisikia. Alizungumza kwa adabu, kama mtu anayeaga sherehe.

"Asante, mkwe wetu. Binti tumemlilia, ni wetu. Wewe umemdai, tumekupa. Tutakuja kuona anavyoishi."

"Shetani ameshindwa!" Mtume Cephas alipaza sauti. "Ametoroka!" Gordon alikuwa amekwisha kupanda bodaboda.

Zilpah alifika kilimani, akatimiza nadhiri, akarudi Homa Bay. Alifundisha. Alisahihisha mitihani. Kwa kuwa hakuna aliyebisha mlangoni, alianza kulala usingizi.

Gordon alipiga simu Jumamosi moja, alasiri, jua likiwaka ziwani na Lynnet akianika nguo uani.

"Kuna watu walikuja hapa," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wazee, na wamama, na ng'ombe. Nyanchama akawafungulia, alidhani ni watu wa harusi ya jirani. Mmoja alikaa kwa kiti changu, Zilpah. Kiti kikalowa udongo."

Zilpah aliketi. "Walitaka nini?"

"Kumwona binti yao. Wakamwona Nyanchama, wakauliza huyu ni nani. Ningesema nini? Nilisema ukweli."

"Wewe na ukweli mmejuana lini?"

"Nilisema hukai hapa. Kwamba kila mtu alienda njia yake. Yule mzee hakukasirika hata kidogo. Alisema basi, binti asiye na mume hurudi kwao."

Zilpah alihema. Aliona ajabu kwamba hakushtuka zaidi. "Sawa," alisema.

"Si hayo tu. Waliuliza kama binti yao ana mtoto."

"Gordon." Sasa alikuwa amesimama. "Mtoto ni wa baba. Ungesema ni wa nyumba yako. Neno moja tu. Hao hawavunji mila, wangemwacha. Ulisema ni wako?"

"Walikuwa wanajaa, Zilpah. Nyumba ilikuwa inajaa. Nilitaka watoke."

"Ulisema nini?"

"Nilisema yuko kwa mamake. Nikawaelekeza."

Simu ikakatika. Lynnet aliingia kutoka uani, beseni mkononi, uso wake ukiwa na furaha ya mtu aliyesalimiwa vizuri.

"Mama, kuna wazee kwa geti. Wana heshima, wacha tu! Wameniita mjukuu. Wanasema wewe umechoka, upumzike. Watatembea na mimi."

"Umewafungulia?"

"Bado. Nimesema nikuulize."

Zilpah alimtazama vizuri mtoto wake, shavu lile lenye povu la sabuni, akamfuta kwa kidole gumba. Kisha akainama, kiuno kikilia, akatafuta viatu vyake chini ya kochi.

"Kaa ndani, ufunge mlango," alisema, akivuta kamba za viatu. "Usifungue hata ukisikia mimi nakuita. Mimi nitawapeleka kwa baba yako. Kuna neno moja alilisahau, na leo atalisema mbele yao, hata kama ni lazima nitembee nao hadi Migori."