Kamba za Ukutani

Kila asubuhi mke wa fundi alifagia vipande vya nguo, akafungua mlango, akaketi kwenye cherehani. Yeye alishona. Mumewe alipima na kukata. Kisha macho ya mume yakaingia ukungu. Namba za kwenye tepu hakuziona tena. Mke aliziona vizuri, ila hakuzijua. Hakuwahi kusoma.

Basi akajitungia njia. Kila mteja alimpima kwa kamba na kufunga mafundo: hapa bega, hapa kiuno, hapa pindo. Kamba akazitundika kwenye misumari. Werevu ulioje! Lakini siku moja alipaka ukuta chokaa. Akazishusha zote, akazirudisha kwa kukisia. Bibi harusi akashonewa gauni kwa kamba ya shangazi yake. Lilimtosha yeye na wapambe wake. Alilia mbele ya watu, maskini. Wateja wakaanza kukimbia. Maji yakazidi unga.

Ndipo akaingia Sista Viraka. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kanzu yake ilikuwa kiraka juu ya kiraka. Mmisionari huyu alitoka mbali, akaanzisha shirika jipya la masista, ili wafundishe wanawake waliokosa shule. Alileta kitambaa cha kijivu cha kushonea masista wake wa kwanza. Wangevaa kanzu hizo siku ya nadhiri.

"Tukiharibu hiki, tufunge duka," mume alinong'ona.

Mke akachukua kamba.

"Mama, tepu si ile pale?" Sista aliuliza.

"Ipo, Sista. Ila mimi na hizo namba hatujuani."

Sista hakucheka. Alizigusa zile kamba ukutani. "Una akili wewe! Kamba inashika urefu. Lakini haisemi ni ya nani. Ukiandika jina na namba, hutachanganya tena. Njoo darasani."

"Nikifunga duka, tutakula nini?"

Wanawake wengi walishamjibu Sista hivyo, na mabenchi ya darasa lake yalikuwa matupu. Mwingine angenuna. Yeye alivuta kigoda, akaketi. "Basi darasa litakuja hapa. Masista wangu watawafuata wanawake kazini."

Mume akaguna. "Samahani, Sista. Akishajua kusoma, si utamvika na yeye kanzu? Mimi nibaki na cherehani?"

"Watawa ninao, baba. Ninayemtafuta ni fundi. Mkeo baki naye, ila utuchemshie chai."

Majirani wakaja na kazi zao mikononi. Mke wa fundi aliandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Akakosea, akafuta, akarudia. Kitambaa kilikuwa bado hakijakatwa, na siku ya nadhiri ilikaribia. Sista akaisogeza mbele, mama asome kwanza. Wakubwa wake walipolalamika, aliwauliza, "Shirika hili tumelianzisha kwa ajili ya nani?"

Hatimaye mke akawapima masista kwa tepu, akaandika jina na namba, akakata. Siku ya nadhiri waliingia kanisani wamenyooka. Mabega yamekaa, mikono imefika, hakuna aliyekanyaga pindo. Watu waliona. Hata yule bibi harusi alirudi na gauni lake lipunguzwe.

Jioni moja mume alisimama kando ya meza. "Na mimi nipime. Nataka shati."

Mke akamzungushia tepu. "Kifua, mia moja na mbili."

Miaka yote mume ndiye aliyemsomea mkewe namba.

"Soma tena," akasema.

Mke akasoma tena. Kisha akachukua chaki, akaandika namba ile, na juu yake jina la mumewe.