Buti za Ibro Mlangoni

Haya yalimkuta rafiki yangu Razija. Mumewe Ibro na shemejiye Hilmo walitoka na mtumbwi kuvua; akarudi Hilmo peke yake, nguo kavu, akaitwaa nyumba na kumfukuza mjane. Maiti haikuonekana.

Magharibi moja ya ukungu, Razija alikwenda kudai sufuria yake ya shaba, apikie jamu ya plamu. Akavua viatu mlangoni, akapanda ngazi.

“Sufuria?” Hilmo akacheka. “Mwambie mumeo aje aichukue.”

“Atakuja, shemeji. Wewe ngoja tu.”

“Maji yakimwagika hayazoleki. Haya, shika njia!”

Umeme ukakatika. Huko chini maji yakaanza kudondoka, to, to, to.

Razija alishuka akipapasa ukuta. Mlangoni akakuta viatu vyake vimegeuzwa kuelekea nje, kama Ibro alivyozoea kuwageuzia wageni wanaoondoka. Kando yake zilikuwapo buti za Ibro, zile alizozama nazo, zinachuruzika maji, ncha zikielekea ndani.

Alivaa, akatoka, akauvuta mlango taratibu mpaka komeo likaanguka. Ndipo akamsikia Hilmo huko juu gizani:

“Mbona umerudi, shemeji? Na mbona mikono yako imelowa?”