Mshelisheli wa Tiresa

Siku ya kwanza ilikuwa chai tu. Fuatino alikuwa amekaa barazani kwa mumewe asubuhi, kikombe mkononi, akaona chai imelala upande wa kushoto kama iliyo kwenye sufuria iliyoinjikwa vibaya. Akainamisha kikombe ili aisawazishe. Chai ikammwagikia mapajani. Mama mkwe wake, Salilo, alicheka mpaka akakohoa.

"We mtoto, umelewa saa hizi?"

"Sijalewa, mama. Baraza limeinama."

"Baraza hili limekuzidi umri. Lingeinama lingeniambia mimi kwanza."

Wakacheka wote wawili. Laiti wangejua.

Baada ya hapo kizunguzungu kikahamia kwa Fuatino kama mgeni asiye na haya, yule anayekuja na mkeka wake kabisa. Kilimshika kanisani akisimama kuimba, kilimshika akianika nguo. Kila mara kilimvuta kushoto na chini, na kila mara kilitanguliwa na harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa maua ya langilangi. Naye alikuwa na mtoto anayenyonya, Tiresa, binti yake wa kwanza. Dunia ikianza kuzunguka, aliogopa kumwangusha, akamlaza upesi mahali pa karibu palipo bapa. Mahali hapo palikuwa kaburi la shangazi Losa.

Wala msikunje uso. Kwetu kisiwani Savaii wafu hatuwapeleki mbali. Tunawazika mbele ya nyumba, tunawajengea makaburi ya vigae, na jua likizidi tunakaa juu yao tunapunga upepo. Losa alikuwa dada wa marehemu baba mkwe, ndiye aliyemlea Tavita, mume wa Fuatino. Hakuolewa wala hakuzaa. Alisuka mikeka laini ya ukindu wa mkadi, akiukwaruza kwanza kwa kombe la pwani, akafa anasuka.

Siku moja Fuatino hakuwahi. Alianguka na mtoto uani. Tiresa alichubuka kipaji cha uso tu, lakini Salilo alimwokota mjukuu wake na hakumrudisha.

"Utamnyonyesha umekaa chini, mimi nikiwa hapa. Kumbeba, basi. Mpaka upone."

"Mama, ni mwanangu!"

"Na ni damu yetu. Nenda kapone."

Tavita akampeleka hospitali kubwa ng'ambo, kwa meli. Wakampima presha, wakampima damu, wakamchungulia masikio, wakampiga picha ya kichwa. Daktari kijana akammulika machoni.

"Kizunguzungu kikimshika mtu, mara nyingi macho huteleza upande, halafu yanashtuka kurudi," alisema. "Yako yametulia, dada. Labda ni mawazo. Pumzika."

"Nipumzike nini, daktari? Mwanangu mwenyewe siruhusiwi kumbeba!"

Akapewa vidonge, havikusaidia. Akarudi tena, na tena. Kila daktari alikuja na jina la ugonjwa, na daktari aliyefuata akalifuta. Kijijini watu wakaanza kusema anajifanya, hataki kufua. Salilo akasema mkwewe alipita njiani magharibi, wakati wa sala, nywele wazi na ua jekundu sikioni, kwa hiyo majini amewaita kwa mkono wake. Fuatino naye akaanza kunusa kila kikombe alichopewa na mama mkwe. Usiombe kuishi nyumba ambayo watu wananusiana chai.

"Unanusa nini humo?" Salilo alimuuliza, macho makali.

"Langilangi."

Salilo akageuka kutazama kaburi. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. "Humu ndani hakuna aliyejipaka mafuta hayo tangu Losa afe."

Jioni hiyohiyo kengele ya sala ikalia, wakakaa chini, wakafumba macho. Tavita alikuwa katikati ya kuomba Fuatino aliposikia kwaru, kwaru, kama kombe linalokwaruza ukindu, polepole, bila haraka, sauti ya mtu mwenye siku zote za kungoja, ikitoka nje, ikitoka chini, chini ya vigae, na harufu ya langilangi ikapanda ikajaa chumba mpaka Salilo naye akakohoa, na Fuatino alipofumbua macho kwa hofu akamwona Tiresa mapajani mwa bibi yake ameligeuzia uso kaburi, amenyoosha mikono yote miwili, anacheka kicheko cha mtoto aliyemwona anayempenda.

Hakuna aliyemalizia "amina".

Asubuhi wakamleta mama Etevise, mganga anayeponya kwa mafuta na kukanda. Alimkanda Fuatino shingo, akamkanda tumbo, akasita hapo tumboni.

"Mnamtesa bure. Huyu haumwi. Kondo la nyuma la mtoto mlilizika wapi?"

Kwetu kila mtu anajua kondo la nyuma huzikwa kwenye ardhi ya ukoo na juu yake hupandwa mche. Wakamtazama Tavita, maana ndiye aliyelizika. Alikuna kisogo.

"Pale kando ya kaburi. Nikapanda mshelisheli. Jua lilikuwa kali, mama, na udongo wa pale ulikuwa laini."

"Ulichimba palipokuwa laini!" Etevise alipiga mapaja. "Jamani Tavita! Umemzalisha maiti!"

"Mama, usiseme hivyo..."

"Niseme vipi? Mwanamke amekufa na hamu ya mtoto, wewe umemzikia kondo ubavuni. Kwake yeye, Tiresa ni wake. Anamzungusha huyu ili amweke mtoto chini. Na kila mara, maskini, amemlaza mapajani mwa Losa mwenyewe."

Fuatino alitoa kilio ambacho jirani walikisikia.

Etevise akaagiza wamfukue Losa, mifupa ioshwe kwa mafuta, alazwe upya kando ya kaka yake. "Mzizi muufungue kwa mikono. Msiukate. Mmesikia? Msiukate."

Wakavunja vigae. Mche wenyewe ulikuwa haufiki goti, lakini mzizi walioukuta chini ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, umetoboa jeneza, umeingia kwenye tundu la jicho la kushoto la Losa na kukilaza kichwa chake upande, umeshuka shingoni, umepita katikati ya mbavu, umejiviringa kifuani ukawa donge la ukubwa wa mtoto, na mifupa ya mikono miwili, ambayo Salilo mwenyewe aliinyoosha siku ya mazishi, ilikuwa imekunjwa kulikumbatia.

Tavita alijaribu kufungua. Mzizi haukulegea. Mvua ikaanza, shimo likaingia maji, jeneza likaanza kuzama, na binamu yake akamrushia panga. Tavita alimwangalia mkewe, aliyekaa matopeni asianguke. Akakata.

Utomvu ukatoka mweupe, kama wa mshelisheli wowote. Ila ulikuwa na joto.

"Nimewaambia nini?" Etevise alinong'ona.

"Umekatika, mama. Yamekwisha."

"Umekatika, ndiyo. Kipande kipi kimebaki na nani, hilo mimi silijui."

Losa akalazwa upya, wimbo ukaimbwa, mche ukachomwa moto. Na kizunguzungu kikaondoka! Fuatino alizunguka nyumba mbio, akainama, akainuka, dunia ikatulia tuli. Salilo akaja analia, akamweka Tiresa mikononi mwake mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mwanangu. Mbebe. Ni wako."

Jioni Fuatino alikaa barazani na mwanawe kifuani. Kikombe kilikuwa pembeni, chai imetulia sawasawa. Akainama kumbusu Tiresa utosini, akanusa, akanusa tena. Langilangi, na udongo mbichi.

Akamgeuza mtoto taratibu amtazame uso. Macho ya Tiresa yakateleza kushoto, polepole, yakashtuka yakarudi, yakateleza tena. Kichwa kidogo kikalala upande huohuo.

"Fuatino!" Salilo aliita kutoka jikoni. "Mbona kimya? Kichwa kimeanza tena kuzunguka?"

Fuatino akamfunika mtoto uso kwa shuka, akambana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Hapana, mama," alijibu. "Mimi sijambo."